Jinsi ya Kwenda Kutembea Bila Kufiwa

Ukitaka kusafiri kwa gari kutoka Dar es Salaam, upitie Bagamoyo, upande milima ya Usambara, uteremkie Tanga na umalizie Pangani, kitu cha kwanza cha kutafuta si gari wala fedha. Tafuta sababu.

Nasema hivi kwa kuwa mimi sikutafuta. Nilimpigia simu mama mkubwa wangu, nikamwambia kwamba Ijumaa tunaondoka kwenda Lushoto. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kwa ile sauti ya chini, "Nani tena?"

"Hakuna mtu, Mama Mkubwa. Tunakwenda kutembea tu."

"Kwa nani?"

Hapo nikakwama. Lushoto sina mtu. Nikasema tunakwenda kutazama milima. "Haya," akasema, "Mungu awatie nguvu." Kufika Magharibi ndugu watatu walikuwa wamenipigia kunipa pole, na mmoja alikuwa amenitumia rambirambi ya shilingi 20,000 kwenye simu, ambayo mpaka leo sijui niirudishe kwa maneno gani.

Si kwamba watu wetu hawasafiri. Nenda stendi ya mabasi pale Mbezi mwishoni mwa Desemba ujionee. Lakini kila aliyebeba begi pale ana mtu anayemwendea: anakwenda kuzika, kuoza, kugawa mirathi, kuona mjukuu, kula Krismasi kwao Rombo. Kusafiri ili kutazama tu bado ni kazi tuliyowaachia Wazungu wenye kofia na kaptura za mifuko mingi. Hata lugha inatubana. Ukisema "kutalii" unaonekana unajidai, ukisema "kutembea" unaulizwa kwa nani. Basi sema unakwenda kuangalia kiwanja. Kiwanja kina heshima zake. Hakuna atakayekuhoji zaidi, isipokuwa shemeji yako, na yeye atauliza bei tu.

Ukishapata sababu, unda kamati. Kama unadhani watu wanne na gari moja hawahitaji kamati, basi hukulelewa. Fungua kundi la WhatsApp, liwe na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na uhakikishe kwamba wajumbe wengi hawana nia ya kusafiri, maana hao ndio wenye nafasi ya kutoa maoni. Kikao cha kwanza kitajadili sare. Cha pili kitajadili kwa nini sare iwe ya kijani. Kwenye kundi letu walithibitisha watu 19, wengine kwa kidole gumba, wengine kwa ile "In shaa Allah" ambayo mjumbe mzoefu anajua namna ya kuisoma. Siku ya safari tukaingia garini watano: mimi, mke wangu, watoto wawili, na Mama Mkubwa, ambaye hakuwemo hata kwenye kundi, ila alikuja kuhakikisha kwamba hatumfichi jambo.

Kamati itaamua kwamba mwondoke saa kumi alfajiri. Usihoji. Saa kumi alfajiri tumeirithi kwenye misiba: maziko ni saa kumi jioni, njia ni ndefu, na maiti hasubiri. Ukisema kwamba milima haizikwi, na kwamba hata ukiichelewa siku mbili utaikuta palepale, hutapata wa kukuunga mkono. Ondokeni saa kumi alfajiri, yaani saa tatu na robo asubuhi, baada ya kurudi mara mbili kuangalia kama jiko la gesi limezimwa.

Kuhusu gari nitasema machache. Lolote linafaa mradi liwe dogo kuliko mizigo. Letu lilikuwa IST. Beba jeki isiyo na mpini, spea tairi ambayo haijatiwa upepo tangu gari lishuke bandarini, na kizimamoto ambacho mshale wake umelala kwenye nyekundu. Chakula beba kana kwamba kutoka hapa mpaka Segera hakuna binadamu anayejua kupika: hotpoti mbili za pilau, trei ya mayai ya kuchemsha, maji katoni mbili. Wakati huohuo acha nafasi nyuma kwa ajili ya viazi na karoti za Lushoto na machungwa ya Muheza. Hesabu hiyo haikubali, na wewe usiibishie. Bajeti piga mara mbili, halafu usimwonyeshe mtu.

Sasa Bagamoyo. Kwa mkazi wa Dar es Salaam mji huu una kasoro moja kubwa, nayo ni kuwa karibu mno. Kilomita 70 na ushee. Kitu kilicho karibu hivyo tunakiwekea siku nyingine, na nawajua watu waliostaafu wakiwa bado wanaingoja hiyo siku. Mimi nilikipitisha kituo cha Bagamoyo kwenye kamati kwa hila. Historia sikuitaja hata mara moja. Nilisema kwamba ukipita Bagamoyo unatokea Msata kwa lami tupu na kuukwepa msururu wa malori wa Kibaha na Chalinze. Hoja ikapita kwa kauli moja, kwa sharti la dakika 20.

Dakika 20 zikaisha tukiwa Kaole. Magofu haya yako kusini kidogo mwa mji: misikiti ya mawe, ule wa zamani zaidi ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi, mengine yenye nguzo. Utaratibu wa kisasa ni kupiga picha na kupita. Lakini Mama Mkubwa alipoyaona makaburi alivuta ushungi, akanyanyua mikono, akasoma Fatiha pole pole, akihama kaburi hadi kaburi. Aliporudi garini uso wake ulikuwa umetulia. "Si mngesema tangu mwanzo," akasema.

Kuanzia hapo mamlaka ya safari yakanitoka. Pale misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, kijana anayetembeza wageni akamsimulia habari ya Livingstone: jinsi alivyofia Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873; jinsi watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walivyoutoa moyo wakauzika kulekule chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 na kufika hapa Februari 1874. Tumezoea kuambiwa kwamba jina la mji huu ni bwaga moyo. Wale wenzetu moyo walikwisha kuubwaga mbali, wakaja na mengine yote. Na hiyo, ndugu msafiri, ndiyo safari mashuhuri kuliko zote zilizowahi kuishia Bagamoyo. Ya msiba.

"Walikuwa njiani miezi mingapi?" Mama Mkubwa akauliza.

Karibu tisa.

"Na huko kwao Mzungu, kwenye maziko, waliwekwa wapi?"

Ikabidi aambiwe. Aliyesafiri na mwili mpaka Uingereza, miongoni mwa wale wapagazi, ni kijana mmoja tu, Jacob Wainwright. Livingstone akazikwa Westminster Abbey mwezi Aprili. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, wakakuta maziko yamekwisha. Mama Mkubwa alisikitika kuliko nilivyowahi kumwona akisikitikia baadhi ya ndugu zetu wa damu. "Miezi tisa begani," alikuwa akirudia mpaka tunafika Msata, "halafu wasitie hata mchanga."

Kutoka Msata hadi Segera zingatia jambo moja tu: kuwahi. Msafiri wa kwetu haulizwi ameona nini, huulizwa ametumia saa ngapi, na jibu zuri ni lile linalomfanya muulizaji aseme "Mlikuwa mnapaa?" Mto Wami upite juu ya daraja jipya, na ukionyeshwa lile la zamani, jembamba, useme "Ahaa" bila kugeuza shingo. Mtoto akiuliza lolote, mpe yai. Wakati wa kuchimba dawa ukifika, chagua kichaka chenye staha. (Mwanangu mdogo alirudi analalamika kwamba amechimba weee, dawa hakuna.)

Vibao vya 50 viheshimu. Mimi nilipigwa tochi nikiwa na 63. Kosa langu, shilingi 30,000, na namba ya malipo ikatoka papo hapo. Lakini askari aliponionyesha ile picha, nilitamani kumwomba anitumie. Gari katikati ya lami, majani ya kijani pande zote, mwanga wa saa saba umetulia, na Mama Mkubwa kiti cha mbele kama balozi. Katika safari nzima hakuna mwingine aliyetupiga picha tukiwa tunasafiri.

Ukiingia upande wa Korogwe utaona mkonge umejipanga mistari mpaka macho yachoke. Huu nao ulikuja kwa safari iliyoandaliwa vizuri. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na ndiyo iliyozaa mashamba yote haya. Nilipiga hesabu nikiendesha: sisi tuliothibitisha ni 19, tukaondoka watano, na mmoja wa hao watano hakuwa ameorodheshwa. Hata hivyo tumemshinda Hindorf.

Mombo ndipo barabara ya Lushoto inapochepuka, na ndipo mwongozo huu unapopaswa kukuonya. Kilomita 33 zinazofuata ni nzuri mno, kwa hiyo dereva asizitazame. Barabara inajipinda kwa kujibana kwenye jabali, upande mmoja ukuta, upande wa pili vilele vya miti ambayo mashina yake huyaoni. Roli la kabeji linateremka likiwa limejaza kona nzima, wewe unapiga honi, nalo linapiga honi, na mnapishana mkiwa mmetazamana kama watu waliodaiana. Maporomoko ya Soni yatapita upande wako wa kulia au wa kushoto; sikumbuki, nilikuwa nimeshikilia usukani kwa mikono miwili na gia ya pili kwa imani. Abiria kwa desturi huwa wamelala. Wa kwetu walilala wote isipokuwa Mama Mkubwa, aliyekuwa akinihesabia kona kwa tasbihi.

Ili kumtoa kwenye tasbihi nikamsimulia habari ya Mbegha, kama ilivyoandikwa na Abdallah bin Hemedi kwenye Habari za Wakilindi. Mbegha alikuwa mwindaji wa Ungulu. Kwa kuwa alizaliwa kigego, meno ya juu yakiwa yametangulia, ndugu zake wakamnyima mirathi. Akaja huku milimani na mbwa wake, hana mwenyeji, hana kiwanja, akawa anawinda na kuwagawia Wasambaa nyama. (Aina ya nyama niliiruka, kwa kumheshimu Mama Mkubwa.) Akaua simba. Wasambaa wakaona mgeni huyu ni wa kumshika wasimwachie, wakamfanya mfalme, na ukoo wake ukatawala Vuga vizazi na vizazi. Mgeni njoo mwenyeji apone, basi huyo ndiye. Angalia sasa sisi tunaopanda mlima huohuo na hotpoti zetu mbili, tunakula wenyewe ndani ya gari huku vioo tumevifunga, kisha tunashangaa mapokezi ni ya kawaida.

Lushoto yenyewe Wajerumani waliipa jina Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao, wakaja kupumzikia joto la pwani. Sisi tulikuja na joto letu. Hakuna aliyebeba sweta, kwa kuwa kamati ilitumia vikao vyote kwenye sare, na usiku wa kwanza tulijifunika sare. Asubuhi nenda Irente, kwenye shamba la kanisa la Kilutheri, ununue jibini na mkate wa shayiri nyeusi wanaoutengeneza wenyewe. Wengine huuita mkate wa rai. Mama Mkubwa aliubonyeza, akaugonga mezani, akauliza kama ni wa leo. Kisha akaumaliza.

Kilichotupandisha huko ni genge la Irente. Ardhi inakatika ghafla, na chini yake, kama mita 1,000 hivi, kuna Mazinde, na barabara kuu tuliyoiacha jana Mombo imekuwa uzi, na mabasi juu yake punje za mtama, na zaidi ya hapo nyika inakwenda mpaka inachanganyika na mbingu. Nimeeleza kirefu kwa sababu hutaiona. Ukifika pale utafanya kama kila mtu: utaipa mgongo, utanyanyua simu, na utajitazama mwenyewe kwenye kioo mpaka ushungi ukae sawa. Nilihesabu watu 11 ukingoni, wote wameligeuzia genge kisogo. Aliyekuwa anatazama mbele ni Mama Mkubwa pekee, kwa kuwa simu yake ni ya kitochi. Alikaa juu ya jiwe muda mrefu. Nilipomuuliza anaona nini akasema, "Yale mabasi. Yanakimbilia wapi?"

Tanga nitaipitia upesi, na mji wenyewe hautakasirika, maana haujawahi kuwa na haraka. Raha yake ni ya kukaa, haiandikiki kwenye ratiba. Mapango ya Amboni kamati iliyapitisha, na sisi tukayapitisha vilevile, kwa maana ya kutosimama. Lakini kuna habari moja ya Tanga ambayo kila mwenyekiti wa safari anapaswa kuijua. Novemba 1914 Waingereza walikuja kuuteka mji huu na askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, dhidi ya Wajerumani na askari wao Waafrika wasiozidi sana 1,000. Kabla ya kushusha watu, manowari yao ikaingia bandarini na kutoa taarifa kwamba wamekuja, mji usalimu amri. Ni kama kuandika kwenye kundi "tuko njiani." Wenyeji wakapata muda wa kujipanga, mapigano yakaanza, na nyuki waliochokozwa na risasi nao wakaingia vitani bila kuuliza nani yuko upande gani. Waingereza wakarudi melini, wakaacha nyuma bunduki na risasi kwa wingi. "Nao walizikwa wapi?" akauliza Mama Mkubwa, akitafuta miwani.

Njia ya Tanga kwenda Pangani inapita maeneo ya Machui. Mke wangu anafundisha Kiswahili, na tangu Dar alikuwa amenyamaza kama mtu anayeweka akiba. Hapa akadai zamu yake. Shaaban Robert alizaliwa huku, Vibambani, mwaka 1909, na huku ndiko alikorudishwa alipofariki 1962. Mke wangu alisema kila mwaka kuna mwanafunzi anayemuuliza kama Shaaban Robert ni mtu wa kweli au ni jina la kitabu. Akasimama pale kaburini bila kusema neno na bila kupiga picha. Mama Mkubwa, ambaye hajasoma kitabu chake hata kimoja, alimshika mkono. "Alikuwa nani wako?" akamuuliza. Mke wangu akafikiri kidogo. "Mwalimu wangu," akasema.

Tongoni ndiko tulikopata pancha, na hapo ndipo mpini wa jeki ulipokumbukwa. Kama na wewe utaharibikiwa na chombo hapa, usijione mnyonge, umetanguliwa. Katika maji haya ya Tongoni, Aprili 1498, merikebu ya São Rafael katika msafara wa Vasco da Gama ilipanda mwamba ikakwama. Ikakwamuliwa, ikaenda India na kurudi, na Januari 1499 wakaichoma moto papa hapa, maana mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Niliifikiria hatua hiyo kuhusu IST kwa muda wa kama dakika 40, mpaka kijana wa bodaboda aliporudi na mpini wa kuazima. Wakati huo wote Mama Mkubwa alikuwa kwenye makaburi ya Washirazi. Yako zaidi ya 20 kandokando ya msikiti wa matumbawe uliobomoka, na hakuruka hata moja.

Pangani tuliingia alasiri. Tuliona boma, nyumba za ghorofa za zamani zenye milango ya nakshi na paa zilizoingia ndani, na mto mpana unaokwenda baharini bila kelele. Abushiri bin Salim, aliyewasumbua Wajerumani tangu 1888, walimnyongea mji huu Desemba 1889. Alipata Fatiha yake ukingoni mwa mto, mimi na mke wangu tukiitikia amina. Watoto nao, ambao kufikia hapo walikuwa wameihifadhi yote.

Tulivuka kwa kivuko kwenda Bweni, ili turudi Dar kwa njia ya Saadani. Upande wa juu nguzo za daraja jipya zilikuwa zimesimama majini. Ndani ya kivuko palikuwa na pikipiki tatu, mbuzi, mama mwenye tenga la samaki, na mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma aliyeitazama namba ya gari, kisha mikoba, kisha magunia ya karoti, kisha sare zetu za kijani.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mmetoka kwa nani huku?"

Nikafungua mdomo niseme kiwanja. Mama Mkubwa akanitangulia.

"Tulikuwa na watu wetu," akasema. "Kaole, Machui, Tongoni, na mmoja hapo Pangani. Tumewazuru wote."

Mzee akavua kofia. "Poleni sana," akasema.

"Tumeshapoa."